Wanajiandikisha, kisha hakuna anayewapigia
Kuna mwandishi anayedai kuwa maonyesho ya usalama wa moto hayaleti wazimamoto wapya kwa sababu vijana wa leo hawataki kujitolea. Mimi ni mzimamoto wa kujitolea na napinga kabisa. Watu wanakuja: watoto wanapanda gari, wazazi wanajaribu mtungi wa kuzimia moto, na aliyeona maji yakimwagwa kwenye sufuria ya mafuta yanayowaka, moto ukaruka juu, haondoki kama alivyokuja. Wengi huandika majina yao palepale. Halafu kimya, wiki zinapita bila hata simu moja, na hamu inapoa. Hapo ndipo tunapowapoteza, tena kwa uzembe wetu vikosini. Pia tunawatisha bila sababu. Ukimvisha mgeni koti zito na mtungi wa hewa mgongoni, ataamini kila mwanachama huingia kwenye nyumba inayoungua, wakati kikosi kinahitaji pia madereva, wapokea simu, watunza vifaa na watu wa kufundisha shuleni. Chile wazimamoto wake ni wa kujitolea tangu kikosi cha mji wa Valparaíso kilipoanzishwa mwaka 1851, na Ujerumani ina vikosi vya watoto na vijana vinavyowalea mapema, kwa hiyo moyo wa kujitolea upo. Nyinyi mliowahi kujiandikisha kwenye maonyesho kama hayo, kuna aliyewatafuta baadaye?