Kongoro Lisiloiva

Land Rover Series III ile fupi ina bushi 12 za springi, yaani vile viungo vya mpira vilivyo kati ya bomba la ndani na ganda la nje la chuma. Kila springi ina tatu: mbili kwenye masikio yake yenyewe, yale matundu ya ncha zake, na moja imezama kwenye chesisi, fremu ya gari, pale inaponing'inia sheko, kiungo kinachoshika ncha moja ya springi. Zile nane za masikioni hazina ugomvi. Unaipeleka springi Gerezani kwenye presi, mashine ya kusukumia bushi, za zamani zinatoka, mpya zinaingia, unalipa, unaondoka. Ugomvi uko kwenye zile nne za chesisi. Chesisi huwezi kuibeba kuipeleka kwenye presi, na gari likishapigwa na upepo wa bahari miaka nenda rudi, ganda la bushi na chesisi hushikana kwa kutu mpaka huoni kimoja kinaishia wapi.

Gari lenyewe lilikuwa la mzee mmoja mstaafu wa Kigamboni, mtu wa risiti. Bushi kazinunua mwenyewe Kariakoo, kaziandika kwenye daftari, kaja nazo gereji kwetu Ilala kazipakata.

Kuna mafundi wanaotoa bushi kwa moto. Mpira unaungua kweli, lakini moshi wake utakugombanisha na mtaa mzima. Sisi tulitoboa mpira kwa drili kuzunguka bomba la ndani mpaka bomba likachomoka, tukapitisha blade ya msumeno wa chuma kwenye tundu, tukalikata lile ganda la nje kwa urefu wake. Hapo ndipo pa kuwa makini: unakata karibu ya kumaliza, humalizi. Mlio wa blade ukibadilika, simama, umeshaigusa chesisi. Kilichobaki ni kazi ya tindo. Unalikunja ganda kwa ndani, linalegea lenyewe. Tundu likapigwa msasa mpaka chuma cheupe kikaonekana.

Bushi mpya tukataka zilale kwenye friza. Ganda la chuma la kipenyo cha milimita 35 likitoka kwenye nyuzi 30 za Dar likaenda nyuzi 18 chini ya sifuri, hupungua kama milimita 0.02. Unywele ni mnene kuliko hapo, lakini kwa bushi inayoingia kwa kubana, kila kidogo kinasaidia.

Basi bwana, dogo wa gereji akazifunga zote nne kwenye gazeti, akavuka barabara kwa mama supu kuomba nafasi kwenye friza lake. Mama hana hiyana, akampa. Ila kongoro la mama nalo hukaa humohumo, nalo hufungwa gazeti. Usiku umeme ukakatika. Saa tisa msaidizi wake akaamka kuinjika, akapapasa gizani, akashika furushi zito, gumu, limejaa barafu, lina vitu vya duara vyenye tundu katikati. Akatia kwenye sufuria, akafunika.

Asubuhi mzee akawahi kuja kukagua gari. Akaketi kwenye benchi la mama, akaagiza supu na chapati mbili, akakamua ndimu, akatia pilipili, akang'ata. Akanyamaza. Akakitoa mdomoni, akakifuta kwa leso, akachungulia tundu lake toka upande huu mpaka ule. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa risiti.

"Fundi, hebu njoo."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii si bushi yangu?"

Nikaitazama. Imetakata, inang'aa, na jani la giligilani limenasa kwenye tundu.

"Ndiyo yenyewe, mzee."

"Basi nimeuziwa mara mbili. Kariakoo bila ndimu, hapa na ndimu."

Mama supu akaja mbio na upawa. "Na mimi nilijiuliza, mbona leo sufuria linalia ngo, ngo! Nikasema labda ng'ombe wa Dodoma."

Tukaopoa mbili nyingine. Ya nne haikuonekana.

Mzee akashauri tuzifunge hivyohivyo, maana si mafuta ndiyo yanayozuia bushi isilie? Watu wengi wanaamini hivyo na ndiyo maana bushi zao hazidumu. Mpira wa asili ukikaa na mafuta unavimba na kulainika. Bushi ya aina hii haizunguki: mpira umegandishwa kwenye bomba la ndani na ganda la nje, springi ikicheza mpira unajinyonga, halafu unarudi. Hakuna cha kulainishwa. Mama na mimi tukachangia bushi nyingine nne, msaidizi na dogo wakalaumiana.

Safari hii zililala kwenye friza la nyumbani kwangu, kwenye kopo lililoandikwa SI CHAKULA. Tukaziingiza kwa bolti ndefu ya nyuzi, washa nene, na kipande cha paipu upande wa pili cha kupokea. Unasukuma ganda la nje tu. Ukisukuma bomba la ndani unauchana mpira kabla gari halijatoka gereji.

Mzee akataka tukaze nati gari likiwa juu ya stendi, awahi kivuko. Nikakataa. Magurudumu yakining'inia springi imenyooka kuelekea chini. Ukikaza hapo, bomba la ndani linabanwa likiwa limekaa vibaya. Gari likishuka, mpira unanyongwa hata likiwa limeegeshwa, na hauchukui muda unachanika. Tukalishusha chini, tukalitikisa mbele na nyuma likae uzito wake, ndipo tukakaza: bolti kwanza kwenye bamba la sheko lenye nyuzi, halafu nati ya kuifunga.

Nikiwa chini ya gari nikaona ndala mbili zimesimama pembeni. Konda wa daladala. Juzi alifungiwa supu ya kuondoka nayo, na mkononi ameshika ile bushi ya nne, ina alama za meno.

"Nataka hela yangu," akamwambia mama. "Hili nimelichemsha tena nyumbani mpaka gesi imeisha."