Kaa Pembeni! Pembeni Wapi?

Jamani, hapa Dodoma kila mwenye injini ana ushauri mmoja tu kwa mwenye baiskeli: "Mzee, kaa pembeni!" Konda wa daladala anautoa huku gari lao limenizibia njia. Bodaboda anautoa akinipita kushoto, yaani yeye yuko pembeni kuliko mimi.

Basi naomba nionyeshwe. Mimi nabeba mayai kutoka Ihumwa kwenda sokoni Majengo, trei nimezifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Barabara ni ile ile ya Dar es Salaam, inayopitisha malori ya Singida mpaka ya Rwanda. Kuna lami yao, kuna mstari mweupe, halafu kuna kipande changu. Na kwenye kipande changu kuna bajaji inasubiri abiria, mama wa zabibu na ndoo zake, lundo la mchanga la bwana mmoja anayejenga tangu serikali ihamie huku, na Noah ambayo mwenyewe kaenda "dakika moja". Nikisogea kushoto zaidi, lami imekatika, chini ni vumbi na mbigili. Fundi pancha wa Nanenane siku hizi ananipokea kama shemeji.

Kushoto kuliko hapo ni mtaro. Na mtaro huo, nisiwe mchoyo wa sifa, umejengwa! Mawe, saruji, kingo zimenyooka. Mvua yetu mnaijua: Desemba hadi Aprili, tena katikati hapo inaweza kukata mpaka mahindi yakalia. Lakini maji yana njia yao ya kudumu, hakuna wa kuyapigia honi. Mimi ninayepita masika na kiangazi sina.

Halafu wakaweka rasta, eti magari yapunguze mwendo. V8 inazipita hata chai ya bosi haimwagiki. Anayepunguza ni mimi. Nashuka, nakokota, mayai yanagongana, na nyuma yangu mtu anapiga honi kwamba nachelewesha taifa.

Kibao kinasema 50. Binti yangu yuko kidato cha nne, kaniambia gari likizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kishindo inakuwa mara nne. Kwa hiyo huyo wa 100 hajanizidishia mara mbili, kanizidishia mara nne. Trei moja ina mayai 30. Yatakayobaki hesabuni wenyewe, na mimi mnihesabu humo humo.

Ukilalamika utaambiwa Uholanzi wanaendesha baiskeli kwa sababu kwao hakuna milima. Sasa hii ya kwenda Bahi ni mlima? Wale nao magari yaliwatesa. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu wapatao 3,300, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani kuandamana, na baada ya miaka kadhaa baiskeli zikaanza kutengewa njia zenye ukingo. Ukingo, siyo rangi. Rangi haijawahi kumzuia mtu wa Noah. Hata Dar, walipojenga ya mwendokasi, waliweka na njia ya baiskeli kando. Nilikwenda kuitazama kwa hamu, nikakuta inauza mitumba.

Nasikia tusiwe na wasiwasi, malori yatapita barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112. Sawa, nashukuru. Ila lori angalau unalisikia tangu likiwa mbali. Hizo V8 za mji wa serikali kule Mtumba hazina hata mngurumo, unashtukia kioo cha pembeni kinakusalimia kiwiko.

Nikifika Majengo, mama mnunuzi anafunua trei moja moja, anatoa yaliyopasuka, anayapanga mbele yangu ili niyaone vizuri.

"Baba, haya umeyaleta kwa baiskeli au kwa mateke?"

Nimemwambia hasara hiyo aandike deni, jina la mdaiwa ni aliyechora barabara. Kacheka sana. Halafu kakata kwenye hela yangu.