Herode Hakuzimika

Dima tuliyokodi kwa igizo la Krismasi la kanisa, yaani sanduku la kupandisha na kushusha mwanga wa taa, ilikuwa na chaneli nne. Mwenyekiti wa vijana alikuwa na mawazo arobaini. Alitaka nyota itembee, malaika ashuke na rangi zote za upinde wa mvua, ikulu ya Herode iwake nyekundu ya kutisha, na mwisho ukumbi mzima ucheze taa kama tamasha la Bongo Fleva. Nikamwambia, kaka, chaneli nne.

Wingi wa taa wala si tatizo. Chaneli moja unaweza kuichomeka taa mbili, zikapanda na kushuka pamoja bila ugomvi. Kinachokubana ni vitu vingapi unataka viwake kila kimoja kwa wakati wake. Nikachukua igizo, nikalikata mpaka likabaki na mambo manne: mchana, usiku, Herode, malaika.

Chaneli ya kwanza, taa mbili za mbele, moja kila upande na kwa pembe, ili pua ya mtu isimwangushie kivuli mdomoni. Ya pili, mbili za bluu kwa ajili ya usiku. Nasema mbili kwa sababu ile karatasi ya plastiki ya bluu inakula mwanga vibaya mno. Ukiweka moja, Yosefu atatafutwa kwa tochi. Ya tatu, taa moja juu ya kiti cha Herode. Ya nne, moja nyuma ya malaika, mabega yang'ae. Karatasi ya machweo sikununua, maana taa ya halojeni ukiishusha mwanga inageuka rangi hiyo yenyewe, bure. Taa 6 za wati 500 ni wati 3,000, na soketi ya ampea 13 uwezo wake unaishia hapohapo, kwa hiyo zote kuwaka kwa pamoja nilipiga marufuku. Mwenyekiti alinuna mpaka siku ya igizo.

Yote nilikuwa nimeyapangia, isipokuwa mgeni rasmi.

Fikiria Dar es Salaam, Desemba, ukumbi wa bati, watu wamejaa mpaka madirishani. Mgeni rasmi amevaa suti kamili. Baada ya igizo kuna harambee ya kuezeka kanisa jipya, na yeye ndiye tegemeo. Mzee mmoja wa kanisa akaona jasho linamtiririka mgeni, akakimbilia ofisini kwa mchungaji, akarudi na feni ya kusimama. Soketi ya ukutani ilikuwa imeshikwa na kinanda na spika. Akachungulia pembeni mwa jukwaa, akaona sanduku jeusi lina matundu manane, mawili hayana kazi. Akachomeka. Feni kimya. Akaipiga kofi.

Sekunde ileile mimi, nyuma kabisa ya ukumbi, nikawa nampandisha Herode. Feni ikazunguka. Mzee akarudi kuketi, amejiridhisha kwamba kofi limefanya kazi.

Herode akamaliza, nikashusha, tukaenda Bethlehemu. Feni ikafa. Mzee akanyanyuka, kofi. Hakuna. Kofi la pili. Hakuna. Mamajusi wakaenda ikulu, upepo huo! Mgeni rasmi akatabasamu, akalegeza tai. Wakatoka ikulu, akatoa leso. Hapo mzee akaunganisha mambo, akaja kwangu ameinama.

"Mwanangu, mwenye upepo ni Herode. Usimzime."

Nilichukua muda kuelewa: feni ilikuwa imechomekwa kwenye chaneli ya Herode. Nikaona nitafute maridhiano, nikaweka chaneli ya tatu nusu. Sasa, dima haipunguzi umeme kwa upole, inaukatakata kila wimbi. Taa haijali. Mota inalia. Feni ikatoa mngurumo mzito, maikrofoni ya wachungaji wa kondoo ikaudaka, na mama mmoja mbele yangu akamwambia jirani yake kwa furaha, "Mwaka huu hadi ng'ombe wameweka!"

"Mzee, shikamoo, naomba tuihamishie kwingine."

"Marahaba. Kwingine wapi? Tuchomoe kinanda? Wewe unajua bei ya bati geji 28?"

Nikapandisha Herode mpaka mwisho, nikaondoa kidole.

Kijana aliyecheza Herode wakati huo alikuwa ananyata gizani kwenda kunywa soda. Mwanga ukamkuta mguu mmoja uko hewani. Akasita, akageuka, akarudi kitini, akakunja nne. Tangu hapo akawa shahidi wa kila kitu. Mariamu alijifungua Herode anatazama, hatua mbili tu kutoka horini. Mamajusi, ambao baadaye wangeonywa ndotoni wasirudi kwake, ilibidi wapite mbele ya magoti yake na dhahabu, uvumba na manemane, na mmoja wao, mtoto aliyelelewa vizuri, akainamisha kichwa: "Shikamoo, mfalme." Herode akaitikia.

Malaika alipoanza kumnong'oneza Yosefu akimbilie Misri, watoto wa safu ya mbele hawakuvumilia tena. "Anakusikia! Huyo hapo, anakusikia!"

Yosefu akatazama kitini. Herode akainua mikono kana kwamba na yeye hana la kufanya. Yosefu akavuta pumzi, akapaza sauti: "Mama, funga mizigo. Tunakwenda Moshi, Krismasi hii."

Ukumbi ulipasuka. Wachaga walisimama kabisa.

Kwenye hotuba, mgeni rasmi alisema maigizo ya Krismasi ameyaona mengi, ila hili ndilo la kwanza kuonyesha kwamba adui wa mtoto hakuondoka mlangoni hata dakika moja. Akaahidi bati za upande mzima wa paa.

Nakunja nyaya, mzee akanijia na feni yake begani.

"Mwakani tafuta sanduku lenye matundu zaidi. Mke wa mgeni naye alikuwa anasikia joto."