Msimsahau Fanny Hesse

Nimeipenda makala yenu kuhusu daktari Mjerumani Robert Koch na utafiti wake wa bakteria wa kifua kikuu, aliowatangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ila mmemwacha Fanny Hesse, na hilo limeniuma. Koch alikuwa akiotesha bakteria juu ya jelatini, kigandishi kitokanacho na wanyama, ambayo huyeyuka hata kwenye joto la mwili, na bakteria wengine huimeng'enya ikawa majimaji tu. Fanny, mke wa msaidizi wa Koch, Walther Hesse, ndiye aliyependekeza agari, kigandishi kitokanacho na mwani, aliyoifahamu kutokana na mapishi yake. Yenyewe huyeyuka karibu nyuzi 85 za Selsiasi! Maabara zinaitumia hadi leo. Koch aliitaja agari mwaka huohuo wa 1882 bila kumtaja Fanny. Tafadhali wahariri, liongezeni jina lake.