Chaja haijafa, mnaizika hai

Haipiti wiki bila mtu kuuliza kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani wapi ntapata chaja ya laptop ya Dell, yangu imekufa?" Majibu yanamiminika. Nenda Darajani. Jaribu Mlandege. Wa Pemba anaambiwa asubiri, kuna mtu anavuka keshokutwa. Hakuna hata mmoja anayeuliza imefia wapi.

Maana boksi la chaja halifi ovyo. Kinachokufa mara nyingi ni waya, nao una pahala pawili pa kufia: hapo unapoingia kwenye pini inayochomekwa kwenye laptop na hapo unapotoka kwenye boksi. Ndipo unapokunjwa kila siku, ndipo mnapouvuta kama mnang'oa muhogo. Basi sentimita tano za waya zikikatika, linatupwa boksi zima lililotoka kiwandani na mashine yake, linanunuliwa jengine jepesi kama kibiriti, ubavuni limeandikwa wati 90. Wati 90 za wapi? Umeme wa bara ulipokatika Desemba 2009, Unguja tulikaa kiza mpaka Machi 2010. Njia ikatengenezwa. Sikumsikia mtu akisema tununue kisiwa chengine.

Mtasema fundi alishaifunga na haikudumu. Itadumu vipi? Kasokota nyuzi kwa vidole, kazungusha tepu nyeusi, kachukua pesa yake. Chaja ya wati 65 ikifanya kazi kwa nguvu zote inapitisha ampea 3.34 kwa volti 19.5. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani, yaani kule kuuzuia umeme usipite, wa nusu omu tu, kinakula zaidi ya volti moja na nusu na kutoa joto la zaidi ya wati tano, tena kwenye kitu kidogo kuliko punje ya njugu. Gundi ya tepu inayeyuka, chaji inakuja na kukatika. Tia na hewa yetu ya chumvi: shaba iliyo wazi inapiga weusi, ukinzani unazidi, joto nalo linazidi.

Kuunga ni kwa lehemu, ile madini laini inayoyeyushwa kwa moto kushikisha nyaya. Chomoa chaja ukutani, ingoje dakika chache. Kata sentimita tano nyuma ya jeraha, kwa sababu nyuzi za ndani huwa zimeumia mbali kuliko ngozi inavyoonesha. Pini ya zamani imezibwa ndani ya plastiki, usihangaike nayo. Nunua waya mfupi unaouzwa na pini yake. Kipimo kiwe kile kile: HP ya pini ya buluu ni milimita 4.5 kwa 3.0, ile nene ya zamani 7.4 kwa 5.0. "Inakaribia" haiingii.

Mrija wa kusinyaa, ule wa plastiki unaobana ukipata moto, upitishe kwenye waya KABLA ya kulehemu. Kila anayejifunza hukumbuka baadaye. Menya ngozi, utakuta shaba iliyosukwa kama ukili: hiyo kwa kawaida ni hasi. Ndani yake kuna ganda jengine, kisha waya wa kati, chanya; hakikisha kwa mchoro ulio kwenye boksi. Dell na HP zina waya wa tatu, mwembamba, unaoitambulisha chaja kwa mashine. Ukiuacha, Dell itawaka vizuri lakini betri haijai, halafu lawama zote kwa fundi. Shaba nyeusi ikwangue kwa wembe mpaka ing'are, la sivyo lehemu itaviringika juu yake kama maji kwenye jani la jimbi. Viungo visikae bega kwa bega. Kimoja kitangulie chenzake sentimita mbili.

Kisha mita ya kupimia umeme. Chanya na hasi zisigusane hata kidogo. Washa, upime pini: 19.5, au iliyoandikwa kwenye boksi. Chaji nusu saa, ukishike kiungo. Kikiwa cha moto, lehemu haikushika; rudia.

Haya, nakubali shingo upande: waya wa Type-C usiungwe, nunua mpya. Waya wa upande wa ukutani vilevile, volti 230 si za kuchezea. Na boksi linalotoa volti pungufu hata ukilipima kwenye mkato, lizikeni kweli.

Mengine yote, mpelekee fundi. Ila kabla hujampa muulize, "Fundi, lehemu unayo?" Akinyanyua tepu, muage kwa salama uondoke na chaja yako.