Daku la Saa Nne

Babu yetu wa Ng'ambo, Unguja, ana saa ya mkono ya Kijapani aliyoletewa na mwanawe kutoka Muscat. Haitaki betri, inajitia ufunguo kwa mtikisiko wa mkono, na kidirishani inaonyesha tarehe pamoja na siku kwa Kiarabu. Babu anaivaa kwa hesabu zake: jua likichomoza akrabu ziko kwenye kumi na mbili, likizama ziko kwenye kumi na mbili. Kwa nini mtu mzima aone tano asome kumi na moja? Hilo halimwingii akilini.

Ugonjwa wake ulikuwa tarehe. Ilikuwa inasimama baina ya namba mbili, nusu 17 nusu 18, na Babu ndiye anayeulizwa tarehe na mtaa mzima. Nikatumwa kwa fundi Darajani.

Fundi akaifungua, kioo kimembana jichoni, akanipa darsa. Duara la tarehe lina namba 31, kwa hiyo mwezi wa siku 30 ukiisha lazima ulisogeze mwenyewe. Linashikwa na kispringi chembamba mno. Sasa, usiku akrabu zikianza kutoka namba tisa mpaka namba tatu, gurudumu la kubadilisha tarehe limeshang'ata meno ya duara. Ukilazimisha wakati huo, kitu kinapinda. "Mwambie mzee, kuanzia saa tatu usiku asiiguse tarehe."

Nikajizuia kucheka. Kwa saa ya Babu, tisa hiyo ni saa tisa alasiri, na Babu hurekebisha tarehe akitoka kuswali alasiri, miaka yote!

Kispringi kikanyooshwa, uso wa saa ukakazwa, namba ikakaa katikati ya dirisha. Saa ilikuwa imesimama, basi fundi, kwa wema wake, akaitia majira ya simu yake.

Ilikuwa Ramadhani. Babu alikabidhiwa saa yake baada ya tarawehe, akavaa miwani, akakagua tarehe tu. "Kumi na nane. Imenyooka." Akaenda kulala. Akrabu hakuzitazama.

Sisi tumekaa barazani, kahawa na kashata, mara Babu huyo mlangoni na bakora. "Saa kumi hii! Mmekesha kwa soga mpaka daku? Hamna haya!" Nikatupia jicho simu: saa nne usiku. Nikafungua mdomo, shangazi akanikanyaga mguu. Babu habishiwi, na Ramadhani ndiyo kabisa. Wali uliokuwa haujapoa vizuri ukapashwa moto. Tukala daku juu ya chakula cha usiku, matumbo yanalia. Jirani aliposikia sufuria naye akamwamsha mkewe, maana Babu hajawahi kukosea wakati.

Babu akanuia, akatandika mswala, akangoja adhana ya alfajiri. Kumi na moja ikafika, kimya. Ikapita, kimya. "Muadhini kalala," akasema, akatoka kwenda kumwamsha. Alimkuta nje ya msikiti anacheza bao.

Waliyoambiana sikuyasikia. Nilichoona ni Babu akirudi, kavua saa, kaishika kwa ncha za vidole.

Kesho yake, Alhamisi saa kumi na moja jioni, alinikokota mpaka Darajani. Fundi akajitetea: "Mzee, saa yako ilikuwa imekosea, nimeirekebisha bila hata kukutoza." Babu akamwamuru asogeze akrabu mbele saa sita. Akasogeza. Tarehe ikaanza kuhama kidirishani, na siku nayo.

"Unaona sasa? Jua likizama tu, saa hii itaandika Ijumaa. Na leo Alhamisi!"

"Usiku wa leo ni usiku wa nini?" akauliza Babu.

Fundi ni mtu wa chuoni. Alikuna kichwa, akakiri: "Usiku wa Ijumaa."

"Basi Mjapani anajua, wewe hujui."

Babu akafunga mkanda, akaniashiria tuondoke. Fundi akakumbuka kuwa nilikuwa nimelipa nusu tu.

"Mzee, na hela yangu iliyobaki?"

"Njoo nyumbani Ijumaa."

"Ijumaa yako," akauliza fundi, "au yangu?"