Mkubwa akikuomba sare, jiulize kaona nini

Juzi kwenye mashindano ya chesi nilitoka sare na jamaa anayenizidi pointi 400 za reitingi (ile namba ya kupima uwezo wa mchezaji), basi watu wakaja na hongera zao, mmoja akataka mpaka kupiga picha karatasi yangu ya gemu, utafikiri nimebeba kombe. Mi moyoni naungua tu. Ile gemu nilikuwa nashinda!

Tulibaki na ngome moja moja, mi nimemzidi askari wawili na mmoja kashafika mstari wa sita, hatua mbili tu ageuke malkia, mfalme wake yuko mbali huko pembeni hana msaada wowote. Jamaa akasogeza ngome, akanitazama, akasema "sare?", ndo akabonyeza saa. Nikampa mkono hapo hapo. Sikuangalia ubao, niliangalia ile namba iliyo pembeni ya jina lake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria ilikuwa upande wangu, ofa ya sare ikishatolewa mwenyewe hawezi kuirudisha, inasimama mpaka uikatae kwa mdomo au uguse kete ucheze, kwa hiyo ningeweza kukaa nikapiga hesabu dakika zangu zote zilizobaki, nikiona ushindi nacheza, nisipouona namwambia haya tugawane. Hasara yake ni muda tu.

Na pointi zenyewe sasa. Kwa mfumo wa Elo, ndo unaokokotoa hizo reitingi, ukizidiwa 400, sisi ambao K yetu (kipimo cha reitingi inavyopanda au kushuka kwa gemu moja) ni 20 sare inakupa kama pointi 8, ukishinda ni kama 18. Kumi nimezitupa kwa woga.

Ndo maana hii kauli ya "sare na mkubwa ni sawa na ushindi" mi siikubali. Kama umebanwa ukachomoka, hapo sawa, shangilia. Reykjavik 2004 Carlsen, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, akiwa na miaka 13 alitoka sare na Kasparov, namba moja duniani wakati huo, watu wanaikumbuka hiyo sare tu, wanasahau kwamba aliyekuwa anahangaika kujiokoa ni Kasparov.

Jamaa yangu (mtu poa sana kwa kweli) baadaye akanionyesha: mfalme wangu hatua moja mbele, na yeye alikuwa anajiandaa kusalimu amri. Raundi iliyofuata nikapigwa na mtu mwenye reitingi ndogo kuliko yangu, ila hiyo tuiache.